Mama Vichupa na Gesi Isiyonuka

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amepiga magoti katikati ya yadi yetu, ameuinamia mtungi wa gesi na kuunusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Gauni lake lilikuwa jeupe, na yadi yetu ni ya kutu na mafuta machafu, lakini hilo halikumshughulisha. Wapakiaji walikuwa wameacha kazi, wameshika viuno, wanacheka.

"Mama, huo hauliwi!" mmoja alimpigia kelele.

"Najua hauliwi," alijibu bila kuinua kichwa. "Naangalia kama umeoza. Na kweli umeoza. Hamna gesi isiyonuka hapa?"

Wakazidi kucheka. Mimi kazi yangu pale ilikuwa, na mpaka leo ni, kupima mitungi. Kila mtungi uliojazwa unaletwa kwangu, naupaka povu la sabuni kwenye valvu, naangalia kama kuna tone linalovimba. Ni kazi inayonifaa kwa sababu haitaki maneno mengi. Shule niliishia darasa la saba, na hata kabla ya hapo ulimi wangu ulikuwa mzito mbele za watu. Wenzangu waliniita Bubu, nami niliitika. Lakini yule mama alikuwa ameuliza swali na hakuna aliyemjibu, nikaona si vizuri. Nikamsogelea.

"Dada, gesi yenyewe haina harufu. Huo uvundo unatiwa kiwandani."

"Unatiwa?" Akainuka, akajikung'uta magoti. "Mwenye akili gani anatia uvundo kwenye kitu safi?"

"Anayetaka ushtuke ikivuja."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mimi sihitaji kushtuliwa na uvundo. Nina pua." Halafu akaanza kutembea kando ya safu ya mitungi ambayo sikuwa nimeipima bado. Alitembea polepole, mikono nyuma, kama mkaguzi wa gwaride. Kwenye mtungi wa kumi na kitu akasimama. "Huu unavuja."

Nikaupaka povu. Tulisubiri. Kwa muda hakikuonekana kitu, wapakiaji wakaanza kukohoa kwa dharau. Kisha kitone kimoja kidogo, sawa na kichwa cha pini, kikavimba, kikapasuka, kikavimba tena.

Hakuna aliyecheka tena. Bosi wetu, aliyekuwa anatazama kutoka dirishani, alitoka akampa kiti.

Ndiyo siku nilipojua kwamba huyu ndiye Mama Vichupa, ambaye mtaa wa pili wote ulikuwa unamsema. Alinunua mtungi wa kawaida, wa uvundo wake, kwa ajili ya jiko lake la kazi, na bosi akaniambia niusukume kwa mkokoteni mpaka kwake.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, jiko, na ua mdogo uliozungushiwa ukuta. Ukiingia tu unakutana na rafu, na kwenye rafu vichupa: vya dawa ya kikohozi, vya vanila, vya wino, vya matone ya macho, vyote vimechemshwa na kung'arishwa, kila kimoja na karatasi yake. Mchaichai. Nanaa. Majani ya mkaratusi. Maganda ya chungwa. Uani kulikuwa na chungu cha shaba chenye kifuniko kirefu kama shingo ya bata, na bomba jembamba lililojikunja ndani ya pipa la maji baridi. Majani yanaingia chunguni, mvuke unapita kati yake, unapoa ndani ya bomba, na mwishoni yanatoka maji, na juu ya maji yanaelea mafuta kidogo ya kunukia. Gunia zima la mchaichai, na unapata chupa moja ya kushika kwenye kiganja.

Hakufundishwa na mtu. Miaka kumi na sita alikuwa mfagizi wa ofisi moja kubwa, na dawa za kusafishia sakafu zilikuwa zinamuumiza kichwa. Akaanza kuchemsha mchaichai nyumbani na kumwagia maji yake kwenye ndoo. Wenye ofisi wakaanza kuuliza mbona ghorofa ya tatu inanukia vizuri kuliko ya mkurugenzi. Kidogo kidogo akaacha ufagio. Mimi nilipomjua alikuwa anauza mafuta yake kwa watengeneza sabuni wanne, na alikuwa anaishi na mama yake mzazi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na siku nzima alikaa kwenye kiti cha mbao jikoni, karibu na mlango, akitoa amri.

"Huyu ni nani?" aliuliza siku ile nilipoingiza mtungi.

"Ni wa gesi, mama."

"Mbona hasalimii?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Sauti unayo, kumbe. Sasa itumie."

Nilipeleka mitungi pale kwa miezi mingi, na kila mara nilikaribishwa chai. Nilijifunza kukaa kwenye kigoda bila kuona haya. Yeye aliongea, mimi nikasikiliza, na kwa njia hiyo nikaja kujua kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

Kulikuwa na mwanamke mwenye kiwanda cha sabuni, kikubwa kuliko wale wanne wote pamoja. Alitaka kutoa sabuni mpya ya asumini, na asumini ya kweli, si ile ya kuchanganywa maabara. Alimwita Mama Vichupa akamwuliza kama anaweza. Akajibu anaweza. Akapewa mpaka mwisho wa msimu wa maua. Akishindwa, mwenye kiwanda angeagiza kutoka mbali, na habari ingeishia hapo.

"Nilisema naweza kabla sijajua kama naweza," aliniambia. "Kaka, unajua wananiitaje huko viwandani? Mpika majani. Nimewasikia kwa masikio yangu. Nikiwaletea asumini, hakuna atakayefungua tena kinywa kuniita mpika majani."

Tatizo ni kwamba asumini haivumilii mvuke. Alikuwa ameshapika mafungu matatu. Alininusisha la mwisho: lilinuka kama maji yaliyochemshiwa mboga.

Hapo ndipo anaingia mdogo wake wa kiume, fundi friji. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye mikono mizuri ya kazi, tena anampenda dada yake kweli. Huyu alisikia mahali kwamba gesi iliyobanwa inaweza kuosha harufu kutoka kwenye maua bila moto wala mvuke: inapita kwenye maua ikiwa kimiminika, inabeba mafuta, halafu yenyewe inaruka hewani na kuacha mafuta nyuma. Ndiyo maana dada yake alikuja yadini kutafuta gesi isiyonuka. Gesi ya kupikia ingeacha uvundo wake ndani ya asumini. Kwetu akaikosa. Lakini fundi friji alikuwa nayo tayari. Friji nyingi za siku hizi zinajazwa gesi inayowaka kama ya jikoni, ila hiyo haitiwi harufu yoyote, na makopo yake yalikuwa yamejaa kwenye karakana yake.

Siku moja nilipopeleka mtungi nikakuta bomba la chuma limeegemezwa ukutani, limefungwa huku na huku, la kutilia maua na gesi.

"Shemeji yako huyo," yule mdogo wake alinitania, akilipigapiga bomba. "Mkaribishe."

Mama Vichupa aliniuliza mbele yake: "Kaka, wewe ni mtu wa gesi. Hili jambo linawezekana au ananipotezea muda?"

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia sijui, ila nitauliza. Tuna mkaguzi anayekuja yadini kila mwaka, mtu mzima, mkali, ambaye huwa naogopa hata kumbebea mkoba. Safari hiyo alikuwa anakuja wiki hiyohiyo. Nikamngoja mpaka amalize kuandika, nikamwuliza. Alivua miwani.

"Linawezekana," alisema. "Viwandani wanafanya kila siku. Lakini chombo chao ni cha chuma kilichopimwa, kimefungwa pande zote, gesi haitoki nje hata chembe, inarudishwa kutumika tena. Taa na swichi zao ni za kutotoa cheche. Feni zao zinavuta hewa kutoka sakafuni, kwa sababu gesi hiyo ni nzito, inalala chini. Na hata hivyo wanalala na wasiwasi. Nani anataka kufanya nyumbani?"

"Mtu tu," nikasema.

"Mwambie huyo mtu tu kwamba nyumbani si suala la kuwa mwangalifu zaidi. Nyumbani hakuna vyombo vya kuwa mwangalifu navyo."

Nilimpelekea Mama Vichupa maneno yote, neno kwa neno, maana nilikuwa nimeyakariri njiani. Alinisikiliza hadi mwisho. Mdogo wake akasema wale wakaguzi ndiyo kazi yao kutisha watu, na kwamba wao wangefanyia uani, hewani, moto wote umezimwa. Mama Vichupa akawa katikati. Kisha akasema lile nililoliogopa.

"Ikivuja nitaisikia. Umeniona yadini."

"Hii haina harufu, dada."

"Kila kitu kina harufu, kaka. Ni watu ndio hawana pua."

Kubishana sikuwahi kujua, na mtu niliyemwona kwa macho yangu akiugundua mtungi unaovuja kabla ya povu langu, ningemwambia nini? Niliondoka na chai yangu haijaisha. Lakini usiku huo na siku iliyofuata niliendelea kumwona yule mama mzee kwenye kiti chake cha mbao, miguu iliyokataa, karibu na mlango wa jikoni. Nikaenda kwa bosi nikamwomba kitu ambacho sikuwahi kuomba: kipimo cha gesi cha yadi, kile kidude cha mkononi kinachopiga mlio, nikae nacho asubuhi moja ya Jumamosi. Bosi alishangaa zaidi kusikia sauti yangu kuliko kusikia ombi. Akanipa.

Nilifika wameshaanza. Uani palikuwa pasafi, jiko limezimwa, hata mishumaa ya sala ya mama mzee imetolewa. Walikuwa wamejipanga kweli, na hilo lazima niliseme. Bomba lilikuwa limefungwa kwenye kigoda, jeupe kwa baridi, linatoa moshi mwembamba kama pumzi ya asubuhi. Mama Vichupa alikuwa amechuchumaa mbele yake na bakuli, uso umemng'aa.

"Kaka! Umekuja kuona asumini ikizaliwa? Njoo unuse!"

Nikanusa. Ilikuwa kweli. Harufu ya ua lenyewe, mbichi, kama limechumwa sasa hivi. Nilielewa mara moja kwa nini alikuwa tayari kuhatarisha.

Nikawasha kidude changu. Pale uani, usawa wa kifua, kilikuwa kimya. Fundi friji akacheka. "Unaona? Hewani, bwana. Imeshapaa hiyo, ipo mawinguni na ndege."

Nikakumbuka neno la mkaguzi, inalala chini. Nikainama. Sakafu ya jiko ilikuwa chini kuliko ua kwa kidato kimoja, na mlango ulikuwa wazi ili mama mzee apate kuona. Nikakiweka kidude kwenye kizingiti.

Kililia mpaka nikataka kukitupa.

"Kibovu hicho," alisema fundi friji, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mama Vichupa aliinuka. Aliweka bakuli chini, akaja, akapiga magoti kama siku ile yadini, akainamisha uso mpaka pua ikagusa saruji ya jikoni. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Mlio ulikuwa unampigia sikioni. Nilimwona akifumba macho kutafuta, na nikaona, sitasahau, jinsi uso wake ulivyoanguka.

"Sisikii kitu," alisema taratibu. "Sisikii kitu kabisa."

"Ngoja niwashe feni itoe hewa," mdogo wake akasema, na akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani.

"USIGUSE!"

Sikujua ni sauti yangu. Wenyewe walisema baadaye kwamba jirani wa tatu aliisikia. Fundi friji aliganda, kidole hewani. Yeye ni fundi. Alipoutazama ule mkono wake mwenyewe alielewa peke yake, akaurudisha. Cheche moja ndogo ndani ya swichi ingetosha. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sote tulikikumbuka kwa wakati mmoja: friji ambayo yeye mwenyewe alikuwa amemzawadia dada yake, pale kwenye kona ya jiko. Ilikuwa kimya, lakini friji haiombi ruhusa. Ikipata joto kidogo inajiwasha yenyewe.

Mama Vichupa alikuwa wa kwanza kuinuka. "Wewe, funga kopo na utoke na kila kitu kwa mlango wa nyuma wa ua. Usikimbie, usiburute chuma chini. Kaka, mama."

Niliingia. Kazi yangu ya miaka ishirini ni kuinua vitu vizito bila kuvigonga. Niliinama, nikamwambia mama mzee anishike shingo, nikambeba begani, nikatoka naye hadi barabarani.

"Taratibu!" alikuwa ananifokea mgongoni. "Mimi si mtungi! Na wewe Bubu, leo umelipwa kupiga kelele?"

Mita ya umeme ilikuwa kwenye ukuta wa nje, mbele ya nyumba, mbali na jiko. Nikaushusha umeme wa nyumba nzima pale. Mama Vichupa akapita nyumba za jirani mbili, akawaambia wasiwashe majiko, na hakuficha sababu. Aliwaambia wazi: "Nimevujisha gesi mimi. Tokeni kidogo." Watu wengine wangesema ni bomba la mtaa.

Tulikaa ukingoni mwa barabara dakika arobaini, mama mzee kwenye kiti cha jirani, akimsimulia kila mpita njia jinsi alivyobebwa. Kidude kilipokuwa kimya kila pembe ya jiko, hata chini ya friji, ndipo nikapumua.

Mama Vichupa alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Pua yangu imenisaliti," alisema.

"Haijakusaliti, dada. Hapakuwa na cha kunusa. Hata mbwa asingesikia."

"Ndiyo hicho ninachosema. Nimeishi miaka yote nikidhani kama sisikii, basi hakipo."

Mdogo wake alijaribu: "Dada, tungetafuta shamba, mahali pa wazi kabisa..."

"Na hilo bomba lako la maji limepimwa na nani? Na gesi inayobaki ndani ya mafuta, nitaijuaje, kwa pua ipi? Nimpe mtu sabuni yenye kitu nisichokisikia?" Akainuka. "Kata bomba. Likate vipande viwili, mbele yangu, nisije nikashawishika tena."

Akalikata kwa msumeno jioni ile ile, uani, dada yake amesimama. Hakumgombeza. Alimpa chai. Lakini mimi nilijua msimu wa maua ulikuwa umebakiza wiki saba.

Kilichomwokoa ni siagi. Siku chache baadaye fundi friji alikuja amechoka, analalamika kuhusu mteja mmoja msumbufu. "Ananiambia friji niliyotengeneza inatia siagi yake harufu ya kitunguu. Nikamwambia mama, funika siagi! Siagi inakunywa kila harufu iliyo jirani. Mimi nina kosa gani?"

Mama Vichupa alikuwa anaosha vichupa. Akaacha. "Umesemaje?"

"Nina kosa gani?"

"Kabla ya hapo."

"Siagi inakunywa harufu."

Nilikuwepo. Akakiweka chini kichupa alichokuwa ameshika, akasema, "Kama inakunywa kitunguu, itakataa asumini?"

Tangu asubuhi iliyofuata nyumba ile iligeuka. Alijaribu kila aina ya mafuta mazito, akinusa na kutupa, mpaka akapata mafuta meupe ya kupikia yasiyo na harufu yoyote. Akayachuja mara mbili kwenye kitambaa. Mdogo wake, bila kuulizwa, alileta rafu za vioo kutoka kwenye friji zake mbovu, ishirini na mbili, zote ameziosha mwenyewe. Kwenye kila kioo Mama Vichupa alipaka mafuta unene wa ukucha, akapanga maua ya asumini juu yake, moja moja, uso chini, akafunika kwa kioo kingine. Kesho yake anayatoa maua yale kwa kibanio cha nyusi, anapanga mapya juu ya mafuta yale yale. Hivyo kila siku. Ua likiwa na umande halikubaliwi, maana maji yangeyaozesha mafuta. Mama mzee akapewa kazi ya kukausha maua kwenye shuka na kupepea. Alisema hajawahi kuwa na kazi nzuri kama hiyo tangu azaliwe, na kwamba inamstahili.

Hapakuwa na moto, hapakuwa na gesi, hapakuwa na kitu kilichobanwa ndani ya kitu. Kulikuwa na subira tu, na uchovu. Siku ya thelathini na mbili aliniita, akafungua kioo kimoja, akanisogezea. Sitajaribu kueleza. Nitasema tu kwamba mimi, mtu wa kutu na povu la sabuni, nilibaki nimesimama pale na kofia mkononi.

Nilisukuma mkokoteni mwenyewe kupeleka kiwandani mitungi midogo ya kioo kumi na minne iliyojaa yale mafuta. Mwenye kiwanda alifungua mmoja, akatazama, akakunja uso.

"Niliomba mafuta ya asumini. Hii ni samli."

"Uliomba harufu ya asumini," Mama Vichupa alisema. "Nusa kwanza, halafu unifukuze."

Akanusa. Aliinua macho, akanusa tena. Akamwita mchanganyaji wake, na yeye akanusa. Waliongea pembeni. Aliporudi alisema hawezi kuitumia kwa sabuni zote alizokusudia, haitoshi. Ila anaweza kutoa sabuni chache, bora, na mafuta mazito si kasoro kwenye sabuni. Kisha akamwuliza, "Wengine wanaoniletea harufu za maua wanatumia gesi. Kwa nini wewe umejitesa hivi?"

Nilidhani atasema jambo la kujitukuza. Alisema: "Kwa sababu nilijaribu gesi, nikaiamini pua yangu kuliko maneno ya aliyenionya. Gesi ni kazi ya kiwanda kilichojengwa kwa ajili yake. Ukikijenga, niite."

Mwanamke yule aliangalia mkokoteni, akaniangalia na mimi, nikatazama viatu.

Alikijenga. Haikuwa mwaka ule wala uliofuata, na hakikuwa mjini kwetu. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa. Vyombo vya chuma vilivyofungwa, banda la kuta nusu, lililosimama peke yake mbali na majengo mengine. Na alipokijenga alimwita, si kama mpika majani, bali kama mtu wa kusema ndiyo au hapana kwa kila chupa kabla haijatoka. Siku ya kwanza alizunguka banda lile na wahandisi watatu wenye vyeti. Vipimo vya gesi walikuwa wamevifunga juu, usawa wa macho, vionekane vizuri. Akakataa kuanza kazi. Aliwaambia vishushwe hadi sakafuni. Wakamwuliza amesomea wapi mambo hayo. Akawaambia amefundishwa na mpima mitungi mmoja wa darasa la saba, na kama wana shaka wamwite.

Hawakuniita. Walivishusha. Hilo alinihadithia mwenyewe kwa simu, akicheka, na mimi nilikuwa nimesimama yadini katikati ya mitungi, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani wapakiaji wote wasikie simu yangu.

Mama yake alihamia naye, na alikufa huko akiwa mzee sana, kitini. Mdogo wake ndiye anayetunza friji za kiwanda kile. Mama Vichupa mwenyewe alifanya kazi huko miaka sita. Kwenye banda lile, katika miaka hiyo sita, hakuna aliyeungua hata kidole. Kisha moyo wake ukasimama ghafla, asubuhi ya siku ya kazi, akafa, nami nikapata habari siku mbili baadaye.

Wiki ile ile alikuwa amenipigia. Aliuliza kama bosi ameshaninunulia kipimo changu mwenyewe, nikamwambia ndiyo. Aliuliza kama bado naona haya kuongea na watu, nikamwambia kidogo. Nyuma yake nilisikia mtu akimwita, mara moja, mara mbili, kwa heshima.

"Haya, kaka, nikuache," akasema. "Kuna chupa inanisubiri, na hapa bila mimi hakifungwi kifuniko."